Kikohozi cha Kamera

Jumatatu kampuni ya kamera ilitangaza toleo jipya, na Jumanne chuo cha wauguzi kikamrudishia Usicheke picha kumi na moja. Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya tu. Usicheke alisema hapa pana mkono wa mtu.

Hilo jina alipewa na wateja. Alikuwa na studio ya picha za pasipoti na vitambulisho, chumba kimoja kirefu mkabala na ofisi za serikali, na kwa miaka ishirini na sita neno lake lilikuwa hilo hilo: "Usicheke." Alilitamka huku amekunja uso kiasi kwamba hata watu waliokuja na shida zao walijikuta wanaangua kicheko. Yeye akikasirika, wao wanazidi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni iliyobandikwa ukutani, na hata waliokuja kuikagua leseni walimwita Usicheke.

Kushuku alizaliwa nako. Ukimsifu shati, analivua alikague. Ukimpa pole, anauliza umesikia nini. Akinunua balbu huiwasha na kuizima pale pale dukani mpaka muuzaji aombe po. Mwaka huo alikuwa ameshabadilisha balbu za studio mara nne, kwa sababu aliamini viwanda vimeanza kutengeneza taa zisizo na mwanga. Aliamini wenye magazeti wanabana wino. Kioo cha kompyuta ya mkewe nacho alikitilia shaka, maana picha zote zilizopita pale siku hizi zilionekana zina ukungu, hata zile ambazo mkewe alisema ni nzuri.

Mkewe alifanya kazi nyuma ya pazia, mwisho wa chumba. Usicheke alipiga picha mbele. Mama wa watu alizipokea kwenye kompyuta, akazipunguza ukingo, akazichapa, akazikata kwa wembe na rula. Watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja na kwake, lakini wawili hao waliendelea kuitana Baba na Mama hivyo hivyo.

Bahasha ya picha zilizorudishwa aliileta Msajili wa chuo mwenyewe. Hakukaa.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu," alisema. "Hata cheti changu kina picha uliyonipiga wewe. Lakini hizi siwezi kuzibandika kwenye cheti cha mtu. Hebu tazama. Masikio nayaona mpaka tundu la hereni. Macho siyaoni."

Usicheke alizichukua, akazisogeza karibu na uso, akazipeleka mbali, akazirudisha karibu. "Nitakuja Ijumaa niwapige upya hao kumi na mmoja."

"Njoo. Ila nikwambie ukweli, bodi wameanza kunong'ona. Hizi zikiharibika tena, mwakani hawatakuita, na mimi sitakuwa na la kukutetea."

Alipotoka, Usicheke alibaki amesimama na bahasha mkononi. Chuo kile ndicho kilichomshikilia mjini. Wateja wa pasipoti huja na kupotea, lakini kila mwaka chuo kilimletea darasa zima la kumaliza, na wauguzi hao, wakishaajiriwa, walimletea watoto wao, waume zao na mama zao. Kikiondoka chuo, studio ingebaki na pazia na stuli. Aliogopa. Na Usicheke akiogopa, humtafuta mchawi.

Mchawi wa kwanza alijitokeza mwenyewe, kwenye simu. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, mwenye duka la vifaa vya umeme mitaa mitatu kutoka pale. Alikuwa amemtumia video ya ile kamera mpya, kisha akapiga kuuliza kama ameiona.

"Shemeji, umeona mashine hiyo? Inalitafuta jicho la mtu yenyewe! Mtu ageuke, atembee, apige chafya, yenyewe imeshamkamata jicho. Huzungushi kitu. Haina hata swichi!"

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi? Mimi nakufikiria wewe. Orodha ya kwanza naifunga Ijumaa jioni. Nikuandike?"

"Usiniandike popote," alisema Usicheke, akakata simu.

Alikaa kwenye stuli ya wateja, kamera yake mapajani, akaanza kupanga mambo. Kampuni inatangaza mpya Jumatatu. Jumanne ya kwake inaumbuka mbele ya chuo. Ijumaa orodha inafungwa, na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo siku ya kwenda chuoni. Hivi vitu vinajipanga vyenyewe? Labda hawa watu, wakitaka kuuza mpya, wanaitia ya zamani ugonjwa kutoka huko huko waliko. Simu zinafanyiwa hivyo, kila mtu anajua. Kamera ina kinga gani?

Na ugonjwa ulikuwepo. Ulianza miezi minne nyuma. Kwenye lenzi ya kamera ile palikuwa na swichi ndogo yenye herufi mbili. Swichi ikiwa kwenye M, mpiga picha anaizungusha pete ya lenzi kwa mkono wake mpaka sura ya mtu ikae sawasawa. Ikiwa kwenye A, kamera inajitafutia. Usicheke hakuwahi kuiweka kwenye A tangu ainunue. "Jicho la mtu niiachie betri?" aliwauliza waliothubutu kumshauri. Mwalimu wake wa kazi alimfundisha kulenga kwa vidole, enzi za filamu, na kwa vidole hivyo alikuwa amewapiga mahakimu, wafungwa, na maharusi wasiopungua mia tatu.

Sasa, mara kwa mara, aliikuta swichi kwenye A. Na ikiwa kwenye A, kila akibonyeza, lenzi ilitoa sauti ndani yake: krr. Kikohozi. Alipokisikia mara ya kwanza aliigeuza kamera juu chini. Akatazama, akaikuta swichi imehama, akairudisha kwenye M na kikohozi kikaisha. Kesho yake imehama tena. Swichi haina miguu. Kulikuwa pia na kigurudumu kidogo kando ya kitundu cha kuchungulia, kile cha kurekebisha kwa wenye macho tofauti. Alikuwa amekizungusha kidogo kidogo mwaka mzima, na sasa kimefika mwisho, kimegoma. Alisema kimeingia vumbi.

Na ile siku ya chuoni? Aliikumbuka vizuri. Wanafunzi arobaini na wawili. Kabla ya chai alipiga thelathini na mmoja, katikati ya kelele za ukumbi zilizomeza hata kikohozi. Wakati wa chai akaichunguza kamera, akaikuta swichi iko kwenye A, akairudisha M kwa hasira, kisha akawapiga waliobaki. Kumi na mmoja. Hao hao ndio waliorudishwa! Kwa hesabu zake, basi, kuna mtu aliichezea kamera wakati wa chai, akaiumiza ndani kwa ndani, na maumivu yakajitokeza baadaye. Na wakati wa chai nani alipita pale chuoni, eti kugawa vikaratasi vya duka lake? Shemeji.

Jioni alimweleza mkewe. Alimweleza yote: kampuni, swichi, vikaratasi. Alitegemea mama acheke, au amtetee mdogo wake kwa ukali, kama kawaida yao. Mama alikuwa anafuta wembe kwa kitambaa. Aliendelea kuufuta.

"Baba," alisema, "mimi naona tuichukue tu hiyo kamera mpya."

Usicheke alimgeukia. Huyu ni mwanamke ambaye birika lao lilipopoteza kifuniko aliweka kisahani juu yake, na kisahani hicho kilikuwa na mwaka wa tisa. Mwanamke aliyekataa kununua pazia jipya kwa sababu la zamani "bado linaficha". Leo anataka wachukue akiba ya paa la nyumba wakanunue kamera?

"Ya nini?"

"Ya kazi. Si umesikia, inalenga yenyewe. Utapumzika."

"Nimekwambia nimechoka?"

"Sijasema umechoka."

"Mmeongea na mdogo wako?"

"Mimi na ndugu yangu tunaongea kila siku, Baba. Tulizaliwa nyumba moja."

Aliuweka wembe kwenye kikopo, akavaa viatu, wakafunga duka wakarudi nyumbani. Usicheke alitembea hatua moja nyuma yake, akiitazama shingo yake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimwingiza kwenye orodha. Ilimuuma. Lakini alimwingiza.

Jumatano asubuhi aliweka mtego. Aliisukuma swichi mpaka M, akaifunga kwa kipande cha plasta nyeusi, na pembe moja ya plasta akaikunja kidogo, alama ya kuijua yeye peke yake. Akapiga picha siku nzima kwa vidole vyake, bila kikohozi hata kimoja, roho kwatu. Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori, wa pili mwalimu, kisha mama na watoto wake mapacha waliokuwa wanafanyiwa pasipoti.

Kisha mama akatoka nyuma ya pazia.

"Baba, huyu dereva mwambie arudi akae tena."

"Ana nini?"

"Alitikisika."

Mwalimu naye alitikisika. Mapacha walitikisika wote wawili. Mpaka jioni watu saba walikuwa wametikisika, na mtu wa nane, karani mmoja wa benki, alisema hatarudi, ataenda studio ya kule kona ambako watu hawatikisiki. Usicheke alitoka na kamera mpaka mlangoni, akaipuliza, akaitikisa karibu na sikio. Iliumwa kweli. Wameiweza.

Alhamisi alipofika, kabla hata ya kuwasha taa, alipapasa plasta. Pembe ilikuwa imelala. Mtu alikuwa ameibandua, akaibandika upya vizuri, tena kwa unadhifu kuliko yeye. Na swichi ilikuwa kwenye A.

Basi hakuna tena cha kampuni wala cha kutoka mbali. Ni mkono wa mtu mwenye ufunguo, au wa mtu anayefunguliwa mlango. Aliirudisha swichi kwenye M, akaibana plasta, akakunja pembe. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulifanya tangu binti yao wa mwisho aolewe, na mkewe alipofika akamtazama kwa wasiwasi.

Saa saba mchana, saa ambayo ofisi za serikali hufunga kwa chakula na wateja hukatika, Usicheke alitangaza. "Mama, natoka kidogo. Naenda kuulizia karatasi za picha."

"Haya."

Alifungua mlango, akaufunga kwa kishindo akiwa bado yuko ndani, akavua viatu, akanyata mpaka kwenye ile shuka ya bluu inayoning'inia nyuma ya stuli. Kati ya shuka na ukuta palikuwa na nafasi ya kuweka miavuli ya kutawanyia mwanga wa taa. Alijipenyeza humo, mzee wa miaka hamsini na tisa, viatu mkononi, tumbo limebana. Shuka ilikuwa na tundu, iliungua na taa miaka mingi nyuma, usawa wa kidevu. Akainama kidogo, akaweka jicho lake la kazi hapo.

Mbele yake kulikuwa na stuli, na mbele ya stuli meza ndogo yenye kamera. Hatua nne kutoka alipokuwa. Hatua nne hizo alizijua kuliko alivyojua njia ya nyumbani, maana kwa miaka ishirini na sita alisimama upande wa pili wake, akiwatazama watu.

Alisubiri. Alisikia mlango wa nyuma ukilia, ule wa uani. Shemeji! Alijua tu! Kisha hatua laini, za mtu anayejihadhari.

Kupitia tundu, mtu akaonekana.

Usicheke alikodoa jicho. Aliona kitu chenye rangi ya kijani au ya kijivu. Aliona mabega. Juu ya mabega aliona kichwa, na kwenye kichwa mahali pa uso palikuwa na weupe-weupe tu, kama dirisha lililotiwa mvuke. Alisugua jicho, akabadilisha, akaweka la pili. Ni hivyo hivyo. Ni mwanamume? Ni mwanamke? Kama ni shemeji, mbona mwembamba? Kama si shemeji, ni nani? Mtu yuko hatua nne, mchana, ameinamia kamera yake, anaibandua plasta, na yeye, Usicheke, ambaye kazi yake ni sura za watu, hamjui ni nani.

Ndipo yule mtu akasema.

"Amekufunga tena, eh?" Alikuwa anaiambia kamera, kwa sauti ya chini. "Haya, njoo. Polepole. Kesho usiniangushe, tafadhali. Kesho kuna wale watoto wa chuo."

Ilikuwa sauti ya mkewe.

Usicheke alishika ukuta. Alikuwa ameishi na mwanamke huyo miaka thelathini na mbili, na ilibidi aongee ndipo amtambue.

Alimsikia anabandika plasta, anailaza kwa kidole. Alimsikia anafuta lenzi kwa pindo la gauni, akipuliza kwanza. Kisha zile hatua laini zikarudi nyuma ya pazia, mlango wa uani aliokuwa ameufunga ukafunguliwa tena, na kiti chake kikalia. Hesabu zake zote za Jumanne zikajipanga upya, zenyewe, bila kuombwa. Thelathini na mmoja kabla ya chai, swichi ikiwa kwenye A: wazima. Kumi na mmoja baada ya chai, alipoirudisha kwa mkono wake: hawana macho. Dereva wa lori hakutikisika. Mwalimu hakutikisika. Mapacha walikaa wametulia. Balbu nne zilikuwa na mwanga. Kioo cha kompyuta hakikuchoka, wenye magazeti hawabani wino, na kile kigurudumu hakina vumbi lolote.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa amemshuku kila mtu mjini isipokuwa mtu mmoja.

Mlango wa mbele uligongwa. "Hodi! Mpo?"

"Karibu!" mama aliitikia, akatoka na kufungua. "Kaa hapo kwenye stuli, mwenyewe hayuko mbali." Akachungulia barabarani. "Baba! Baba ee! Mteja!"

Hapakuwa na njia nyingine. Usicheke alitoka nyuma ya shuka, viatu mkono mmoja, mwavuli wa taa mkono wa pili, akatokeza juu ya kichwa cha mteja. Mteja akaruka kutoka kwenye stuli.

"Nilikuwa natafuta mwavuli," alisema Usicheke.

Mama alitazama viatu, kisha mwavuli, kisha mlango. Usicheke alivaa viatu, akaichukua kamera, na kidole chake kikapita juu ya plasta. Alijua swichi iko wapi chini yake. Kidole kilisimama pale kidogo, kikaendelea mbele.

"Usicheke," alimwambia mteja, ambaye alikuwa hajaacha kutetemeka. Akabonyeza. Krr.

Baada ya dakika sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti yake ya kila siku. "Nzuri, Baba."

Siku hiyo hakusema kitu, na nyumbani hakusema kitu. Kilichomsumbua kitandani kilikuwa kitu kimoja. Swichi aliielewa: mama alikuwa anazuia picha zisiharibike. Lakini kamera mpya? Kama ya zamani ni nzima, naye anajua ni nzima, kwa nini ang'ang'anie mpya? Hapo bado palikuwa na kitu. Tabia haiishi kwa siku moja.

Ijumaa walifika studio mapema kuchukua vifaa. Usicheke alitangulia ndani. Aliibandua plasta yote, akaifinyanga ikawa kidonge, akaitupa. Swichi akaiacha kwenye A. Akaiweka kamera kwenye begi lake, begi akaliweka mezani lilipokuwa linakaa siku zote, akaenda mlangoni kufunga miavuli, mgongo amempa mkewe.

Akasikia zipu ya begi inafunguliwa taratibu.

Kisha akasikia vidole vinapapasa lenzi, muda mrefu kuliko kazi ya swichi moja.

"Baba," mama alisema. "Umeigusa kamera?"

"Nimeigusa."

"Plasta iko wapi?"

"Nimeitupa." Hakugeuka. "Jana nilikuwa nyuma ya shuka, Mama. Nilikuona. Yaani, sikukuona. Nilikusikia."

Alimsikia anakaa kwenye stuli.

"Tangu lini?" aliuliza Usicheke.

"Tangu zile picha za watu wa posta. Macho yao yote yalikuwa yamekufa. Nikasema labda ni siku moja tu. Wiki ya pili vilevile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Nilikwambia twende tukapime, ukasema ni balbu. Ukabadilisha balbu. Nikakwambia tena, ukasema ni kioo changu cha kompyuta. Ningesema mara ya tatu ungeniambia ni mimi."

Hilo lilimkata maini, kwa sababu ni kweli, alikuwa ameshasema ni yeye, kimoyomoyo, Jumanne jioni, akiitazama shingo yake njiani.

"Na hiyo kamera mpya?" Alilitoa lile la mwisho, na hata yeye alisikia shaka ilivyo bado kwenye sauti yake. "Ya kwetu ni nzima. Unajua ni nzima. Uliitakia nini?"

"Kwa sababu haina swichi," alisema mama. "Ndugu yangu ndiye aliyeniambia. Haina pete wala nini. Ungekuwa unabonyeza tu, zinatoka nzuri, unajiona ni wewe. Usingejua kitu, na mimi nisingekuwa naingia humu kila mchana kama mwizi."

Usicheke aligeuka. Alimwona pale kwenye stuli mbele ya shuka ya bluu, rangi ya gauni na weupe wa uso, mahali ambapo maelfu ya watu walikaa akawaambia wasicheke. Alitembea zile hatua nne, akaongeza moja, akainama mpaka uso wa mkewe ukatokea. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa hajalala, na Usicheke alikuwa amelala kando yake usiku kucha bila kujua hilo.

"Samahani, Mama," alisema. Neno hilo halikuwa na mazoea mdomoni mwake, lilitoka limepinda. "Nilikushuku."

"Najua. Ulikuwa unaimba."

Simu ikalia. Shemeji. Usicheke aliipokea akiwa bado ameinama.

"Shemeji, habari za asubuhi! Leo ndiyo siku yenyewe. Nikuandike?"

"Hapana. Kamera yangu haiumwi. Mgonjwa ni mimi. Ila gari lako nalitaka Jumatatu. Utupeleke hospitali ya macho, mimi na dada yako. Na usilete vikaratasi."

Saa nne walikuwa chuoni. Msajili alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono kifuani, karibu kiasi cha kuona kila kitu. Wale kumi na mmoja walipanga mstari ukumbini wakiwa na sare zao, wanasukumana. Mama aliwasha taa, akapima hatua nne kwa miguu yake, kisha, badala ya kwenda kukaa na karatasi yake ya majina kama ilivyo kawaida, akasimama begani kwa mumewe. Usicheke alimsogezea nafasi.

Wa kwanza akakaa. Usicheke aliweka jicho kwenye kitundu na kuona sare nyeupe na duara la uso. Vidole vyake vikaenda kwenye pete vyenyewe, miaka ishirini na sita ikavisukuma. Akaviondoa.

"Usicheke," alisema, na msichana, bila shaka, akacheka. Wenzake wakacheka. Usicheke alikunja uso, akangoja vicheko vipungue, akabonyeza nusu, akategea sikio.

Krr, ikakohoa kamera.

Alibonyeza mpaka mwisho, kisha akaigeuza kamera, kioo chake cha nyuma kikamwelekea mkewe.

"Macho?" aliuliza.

Mama aliinama, akatazama kwa makini, hakuharakisha.

"Yapo, Baba. Yote mawili."